Mutoto Akigonjwa: Swali la Mufumu na Swali la Dispensere

Mama, umekuja leo kupimisha mutoto kilo, ao kumupatia chanjo, ao ungali na mimba na unangoja muuguzi akuite. Benchi ni ndefu. Wakati unapongoja, soma karatasi hii. Kama hujui kusoma, umwombe mwenzako akusomee, si haya. Kiisha uipeleke nyumbani, baba wa mutoto asikie, na mama mukwe naye asikie, sababu mara nyingi wao ndio wanaokata shauri.

Tunataka kusema juu ya jambo ambalo wamama wengi wanatuficha. Mama anafika na mutoto mwenye moto sana. Tunamuuliza: "Homa ilianza siku gani?" Anajibu: "Jana." Lakini tunaona uzi mupya kiunoni mwa mutoto, na chale za wembe kifuani ambazo zimekwisha kukauka. Chale haikauki kwa siku moja. Basi tunajua kama siku tatu ao ine zimepita pahali pengine. Hatuandiki hivi kusudi tukucheke. Tunaandika kusudi siku zile zisipotee tena, kwa maana ndizo zinazoua mutoto.

WATU WA MANDARI

Tuangalie kwanza watu wengine. Mambo ya jirani yanaonekana vizuri kuliko ya nyumba yetu.

Wamandari wanakaa Sudani ya Kusini, kaskazini ya muji wa Juba, kando ya muto Nile, upande wa Terekeka na Tali. Lugha yao ni ya jamaa ya Bari. Ndugu zetu Wakakwa wa upande wa Aru na Aba wanasema lugha ya jamaa ileile. Wamandari ni wachungaji wa ngombe wenye pembe ndefu. Usiku wanawasha mavi ya ngombe yaliyokauka, moshi unafukuza mbu na nzi, na majivu yake wanajipakaa mwilini. Hii ni akili ya wazee, nayo inasaidia.

Katika miaka ya 1950 mwanamuke Muingereza, Jean Buxton, alikaa kwao. Aliuliza sana juu ya dini yao, magonjwa yao na namna wanavyotafuta kupona. Kitabu chake juu ya mambo hayo kilitolewa mwaka 1973.

Kwa Wamandari, kama kwetu, watu wa kuponya si wa namna moja. Kuna mutu anayejua mizizi na majani; kwa Kibari dawa inaitwa wini. Kuna anayeitwa bunit, ndiye mufumu, mutu anayetafuta mambo yaliyofichwa. Mara nyingi mufumu hakuchagua kazi ile yeye mwenyewe: aligonjwa sana, watu wakasema roho imemushika, na alipopona mufumu mwingine akamufundisha. Tena kuna wazee wa ukoo, wanaochinja nyama na kubariki watu.

Mutoto akigonjwa, mama anamupa kwanza dawa anayoijua yeye mwenyewe. Ugonjwa ukikaa, jamaa wanaenda kwa mufumu. Naye anatafuta: Nani amekasirika katika ukoo? Kuna mufu ambaye amesahauliwa? Kuna jambo lililotoka kwa Ngun, ndiye Mungu wa juu? Ao kuna mutu mwenye jicho mbaya karibu na nyumba? Kiisha anasema nyama ya kuchinjwa: mbuzi, kondoo, ao ngombe. Rangi yake nayo inaangaliwa, maana nyeupe, nyeusi na nyekundu kila moja ina maana yake. Jamaa wanakusanyika, wanasema maneno yaliyokuwa moyoni, wanakula pamoja.

Mama, je, haya ni mambo ya mbali? Ubadilishe jina la mufumu, ubadilishe nyama, na utaona mugini wako.

SWALI MBILI

Mufumu anauliza: NANI ameleta ugonjwa huu, na kwa nini kwa mutoto huyu? Dispensere inauliza: ugonjwa huu ni NINI, na unaua namna gani?

Swali la mufumu si la upumbafu. Kila mama aliyeshika mutoto wa moto mikononi usiku amejiuliza: "Kwa nini wangu? Mbona mutoto wa jirani analala vizuri?" Muuguzi hawezi kukujibu neno hilo. Yeye anatoboa kidole cha mutoto, anatia tone la damu kwenye kipimo, na kwa dakika 15 ao 20 anakuambia: "Ni malaria." Hakusema nani. Alisema nini tu. Lakini neno hilo "nini" ndilo linaloonyesha dawa.

Mutoto ana homa ya malaria iliyopanda kichwani. Tuseme mufumu amesema: "Ni mama mudogo wa baba, alinungunika juu ya mahari." Na tuseme ni kweli alinungunika. Mukienda kumutuliza kwa kuku na pombe, kazi hiyo inachukua siku mbili. Vijidudu vya malaria katika damu havingoji siku mbili. Vinazidi kila saa. Mutoto mudogo anaweza kuanza homa asubui na kufa kesho yake.

KWA NINI JIBU LA MUFUMU LINAONEKANA KUWA KWELI?

Wamama wanatuambia: "Lakini tulienda kwake, na mutoto alipona." Tunakubali. Sikia sasa sababu ine.

1. Magonjwa mengi yanapona yenyewe. Mafua, kuhara kidogo, vipele vingine: mwili wa mutoto unavishinda kwa siku chache. Mutu yeyote aliyetoa dawa siku ile atapata sifa.

2. Homa ya malaria inapanda na kushuka. Leo moto, kesho baridi kidogo, mutoto anaomba uji. Jamaa wanafurahi, wanasema mbuzi imekubaliwa. Kesho kutwa moto unarudi na nguvu nyingi, na sasa damu imepunguka.

3. Hakuna nyumba bila maneno. Mufumu akiuliza, "Hakuna mutu uliyekosana naye?", nani atajibu hapana? Kila mutu ana deni, ana wivu, ana shemeji asiyesemeshana naye. Kwa hiyo swali lile linapata jibu siku zote, hata kama ugonjwa umetoka kwa mbu.

4. Chanzo cha ugonjwa kiko mbali na siku ya ugonjwa. Mbu amemuuma mutoto leo. Homa inakuja baada ya siku saba, ao juma mbili, ao zaidi. Nani anakumbuka mbu wa juma mbili zilizopita? Lakini ugomvi wa jana unakumbukwa vizuri.

MUNYOO WA TEREKEKA

Sababu hiyo ya ine inaonekana zaidi katika ugonjwa mumoja ulioteseka watu wa Terekeka kwa miaka mingi, ndio munyoo wa Guinea. Mutu anasikia moto katika mguu, kivimbe kinatokea, kinapasuka, na munyoo mweupe kama uzi, urefu wa zaidi ya nusu metre, unaanza kutoka polepole. Maumivu ni makali. Mama hawezi kulima, hawezi kuchota maji, hawezi kumubeba mutoto wake.

Umetoka wapi? Mutu alikunywa maji ya ziwa ao shimo, yenye vidudu vidogo sana, na ndani ya vidudu vile kulikuwa watoto wa munyoo. Lakini alikunywa karibu mwaka muzima mbele ya munyoo kutoka! Mwaka muzima, mama! Maji yale yamekwisha kusahauliwa. Kwa hiyo ni vyepesi kusema: "Ni mutu amenitupia."

Angalia sasa: kwa ugonjwa huu hata hospitali haina kidonge cha kuuponya, wala chanjo. Muuguzi anazungusha munyoo juu ya kijiti kidogo, kila siku kidogo, na kufunga kidonda. Ni kazi ya siku nyingi. Lakini mwaka 2006 Sudani ilihesabu wagonjwa zaidi ya 20,000, wengi wao katika sehemu ya kusini, na mwaka 2017 Sudani ya Kusini haikuhesabu hata mumoja. Kiisha wachache walionekana tena, lakini wachache sana. Ni nini ilishinda? Kitambaa cha kuchujia maji. Mwenye munyoo alikatazwa kutia mguu katika maji ya kunywa. Visima vilichimbwa, na maji machafu yalitiwa dawa ya kuua vidudu. Watu wa mugini walifundishwa kutafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba.

Walipojua ni NINI, wamama walikuwa na kitambaa mukononi. Zamani, walipotafuta NANI tu, walikuwa na adui mukononi, na maji yalikaa vilevile.

YENYE FAIDA NA YENYE HATARI

Hatusemi kila kitu cha wazee ni kibaya. Majani na mizizi mingine ina nguvu ya kweli. Kinini ilitoka katika ganda la muti wa Amerika ya Kusini, nao umepandwa hata huko Kivu. Dawa za malaria tunazotoa leo zimetoka katika majani ya Wachina ya zamani. Mwanamuke mwenye elimu, Tu Youyou, alipata nguvu yake katika miaka ya 1970, na mwaka 2015 alipewa tuzo kubwa ya Nobel. Lakini kwa dawa ya hospitali kipimo kinajulikana: mutoto wa kilo hii, kiasi hiki, siku hizi. Ndiyo sababu tunapima kilo! Katika kikombe cha majani ya kienyeji hakuna anayejua kiasi, na maini ya mutoto mudogo yanaumia upesi.

Tena, kupatanisha jamaa ni kazi njema. Mama mwenye amani nyumbani ananyonyesha vizuri, na analala. Hata mukutano mukubwa wa afya wa inchi zote, uliofanywa Alma-Ata mwezi wa 9 mwaka 1978, ulisema kama waganga wa kienyeji wanaweza kusaidia kazi ya afya pahali wanapohitajiwa, wakifundishwa vizuri.

Lakini kuna mambo tano yenye hatari, nayo tunayakataa wazi:

— Kupoteza wakati. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote.

— Wembe wa chale unaopita kwa watu wengi. Unaweza kuleta sida, ugonjwa wa maini, na pepopunda.

— Kumunywesha ao kumupiga bomba la majani mutoto mwenye kuhara. Maji yake yanazidi kwisha.

— Kungoa meno ya mutoto muchanga yangali ndani ya ufizi. Wanafanya hivi pahali pengine katika Sudani ya Kusini, Uganda, na hata kwetu, wakisema meno yale ndiyo yanaleta homa na kuhara. Si kweli. Mutoto anapoteza damu, kidonda kinaoza, na ugonjwa wa kweli unaendelea.

— Kumutaja mutu kuwa mulozi. Jean Buxton aliona kama kwa Wamandari waliosingiziwa ulozi mara nyingi walikuwa wageni, watu waliokaa chini ya wenye inchi. Kwetu namna gani? Ni mujane, ni mama muzee asiye na mutoto, ni mutoto yatima mwenye tumbo kubwa. Siku zote ni yule asiye na wa kumusemea. Inchi yetu ilitoa sheria tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto, nayo inaazibu mutu anayesingizia mutoto ulozi. Mutoto mwenye tumbo kubwa na nywele nyekundu ana njaa ao ana minyoo. Umulete kwetu, tumupe chakula na dawa.

ALAMA ZA KUKIMBIA

Ukiona moja tu katika alama hizi, usiende pahali pengine kwanza. Uje dispensere mara moja, hata usiku:

1. Mutoto anakataa titi, ao hawezi kunywa.
2. Anatapika kila kitu.
3. Anashikwa na degedege: mwili unakauka na kutetemeka, macho yanageuka juu. Huyu hakushikwa na ndege ya usiku. Moto wa homa ao malaria imegusa ubongo.
4. Analegea, haamuki vizuri.
5. Anapumua mbio. Uhesabu kwa dakika moja anapotulia. Mutoto wa chini ya miezi 2: mara 60 ao zaidi ni hatari. Wa miezi 2 mpaka 12: mara 50 ao zaidi. Wa mwaka 1 mpaka 5: mara 40 ao zaidi. Kama huna saa, uangalie kifua: kikiingia ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, usingoje kuhesabu.
6. Anahara, na macho yameingia ndani, ao anahara damu.
7. Viganja na midomo ni vyeupe, damu imepunguka.
8. Mutoto muchanga ambaye hajafikisha miezi miwili, akiwa na homa, hata kama hana alama nyingine.

Ukiwa njiani: usiache kumunyonyesha. Mutoto wa degedege umulaze kwa ubavu, usimutie kijiko wala kidole wala dawa mudomoni, usimuweke juu ya moshi. Mutoto wa kuhara umupe unga wa chumvi na sukari wa dispensere. Kama hakuna, utengeneze: maji masafi litre moja, kijiko kidogo cha sukari mara 6, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote sawasawa na ukingo, visipandwe juu. Umupe kidogo kidogo, kila mara. Hapa tutamuongezea vidonge vya zinki vya siku 10 mpaka 14. Usiache katikati hata kama kuhara kumekwisha.

UTASEMA NINI NYUMBANI?

Tunajua shida yako. Feza iko mukononi mwa baba. Mama mukwe anasema: "Huu si ugonjwa wa hospitali." Ukikataa waziwazi, kesho mutoto akifa watasema ni wewe. Basi usibishane nao usiku juu ya mizimu. Hutashinda, na saa zinapita. Useme hivi kwa heshima: "Mama, maneno ya jamaa tutayatengeneza, mimi sikatai. Lakini maneno yanaweza kungoja, na mutoto hawezi. Twende kwanza apimwe damu. Tukirudi, tutakaa."

Zamu ni hiyo: dispensere kwanza, maneno ya jamaa nyuma. Kama kuna ugomvi wa kweli, mutoto akipona mukae chini, mupatane, mule pamoja. Patano la namna hii halihitaji jina la mulozi, wala wembe.

Na ukifika kwetu, utuambie kweli yote. Alikunywa majani gani? Siku ngapi? Alichanjwa wapi? Muuguzi akijua, atatoa dawa bila kuumiza maini yaliyokwisha kuchoka. Akikukaripia, umuonyeshe karatasi hii: hapa tumeandika sisi wenyewe kama hatutamucheka mama anayesema kweli.

KUMBUKA

Mufumu anatafuta nani. Dispensere inatafuta nini. Ugomvi unaweza kungoja juma moja. Homa ya mutoto haiwezi kungoja mpaka kesho.

Mutoto alale ndani ya chandarua kila usiku. Maji ya kunywa yachujwe na kuchemshwa. Chanjo zote zikamilike. Mama anayefanya hivi, mara nyingi hatakuwa na sababu ya kumuuliza mutu yeyote usiku: "Kwa nini wangu?"

Sasa wanakuita, mama. Simama, umupeleke mutoto kwenye kilo.